Uzi Niliouvuta

Mwanangu Nisha,

Mambo ya chandarua, ndoo yenye mfuniko na namna ya kuweka mchele usiingie wadudu, mama yako ameshayamaliza, tena ameyarudia mara tatu, kwa hiyo mimi sina la kuongeza hapo. Umeme umekatika tangu asubuhi. Mashine ya kukoboa iko kimya, wateja wamelaza magunia yao ya mpunga barazani wakaenda zao kunywa chai, nami nimekaa kwenye meza yangu yenye vumbi la pumba, nina mchana mzima wa kukuandikia. Kesho unapanda basi kwenda Kharumwa kuanza kazi ya ualimu. Kuna jambo moja unaondoka nalo ambalo si kweli, na aliyekuacha uliamini ni mimi.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Jana kutwa nilikuwa nyuma yako, ukikunja nguo nimesimama mlangoni, ukienda kuanika nimesimama uani, mpaka ukanigeukia: "Baba, leo una nini? Kama mtu anayenilinda nisitoroke!" Nikacheka nawe. Nikakuuliza kama umeweka tochi. Hivyo ndivyo nilivyo, mwanangu. Neno kubwa likifika mdomoni nalibadilisha na tochi.

Nianze na juzi, siku ya Utarayani, ile sikukuu yetu ya mavuno na ya kugeuka kwa jua, maana ndiyo iliyonikalisha hapa.

Tulikuwa uani kama kila mwaka. Wewe ulikuwa umeshampaka ng'ombe wa Mjomba Shija alama nyekundu kwenye paji la uso na kumlisha majani na kipande cha sukari guru, kama alivyokuwa akifanya Ba, bibi yako, Mungu amrehemu. Mkeka ulikuwa umejaa: kichidi cha mchele na choroko, ile mboga ya chungu yenye bilinganya na viazi vitamu, ladu za ufuta, na michembe ya mama yako, viazi vikavu vilivyoungwa kwa karanga, ambayo Ba alianza kwa kuikunjia uso na akaishia kuiomba kila mwaka. Na Shija alikuwa amekaa mahali pake, kwenye kigoda kilicho karibu na mlango wa jiko, na kidumu chake cha maziwa miguuni. Toka hujazaliwa hajawahi kukosa.

Halafu akaanza kusimulia. Kwa ile sauti yake ya kukwaruza ambayo wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiiiga mpaka unachapwa na mama yako. "Siku ile, wanangu, jua lilikuwa hapa," akanyoosha kidole. "Niko kwenye baiskeli, nateremka. Barabara nyeupe, hakuna mti ulioanguka, hakuna mtu, hakuna kitu. Mara shingo hii, pwaa!"

Wewe ukamkatiza, huku unacheka: "Mjomba, umeruka! Kwanza ng'ombe zako zilikula viazi vya yule mchawi, akakuambia utaona."

"Kweli, mwalimu, kweli. Kwanza viazi."

Ukaiendeleza wewe. Mama wa macho mekundu, neno alilolisema, shingo iliyokatwa na kisichoonekana, na kijana wa Kihindi aliyetokea mbio akavua shati lake akamfunga. Unaijua kuliko hata Shija mwenyewe. Ulipomaliza ukasema, "Hii nitawasimulia wanafunzi wangu Kharumwa. Darasa zima litanyamaza." Shija akafurahi, akaniwekea mkono begani, akasema lile analosema kila mwaka: "Na mkombozi wangu ndiye huyu hapa."

Nilikuwa na ladu mdomoni. Ilikataa kushuka. Nilikwenda nyuma ya banda la kuni nikaitema, na mama yako aliniona.

Nisha, hakukuwa na uchawi siku ile. Kulikuwa na uzi, na mimi ndiye niliyeuvuta.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Babu yako alikuwa fundi wa mashine kwenye jineri ya pamba, na mwezi wa kwanza jineri huwa imelala, pamba bado ni ndogo shambani. Sisi vijana wa pale tulikuwa hatuna kazi hata ya kuazima. Watu wa Kagongwa wote wamepinda migongo majarubani wakipandikiza mpunga, sisi tunasherehekea mavuno. Nilikuwa namtania Ba: "Mavuno gani, na watu ndiyo kwanza wanapanda?" Ananijibu kwamba huko walikotoka wazazi wake wakati huu ndio wa mavuno, na jua ndilo linalogeuka, halitusubiri sisi tuvune. Kisha ananituma kwa Mayu Milembe nikachukue ufuta.

Mayu Milembe ndiye yule "mchawi" wenu. Tulimwita mayu, yaani mama; alikuwa mjane, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na Ba hakununua ufuta kwa mtu mwingine maana wa Milembe ulikuwa mweupe na hauna mchanga. Macho yake yalikuwa mekundu, ndiyo. Alikuwa akipikia miti mikavu ya pamba ndani ya jiko lisilo na dirisha, na mtu yeyote angepikia mule miaka thelathini angekuwa na macho yale. Nilikaa jikoni mwake mara nyingi nikisubiri apepete, nami nilitoka nikilia machozi kama yeye. Alikuwa akinicheka.

Huko kwetu, nasema kwetu ingawa sijawahi kufika, siku ya Utarayani watu hurusha tiara na kushindana kukatana nyuzi angani. Uzi wa kawaida haukati. Kwa hiyo unapakwa manja: wali uliopondwa mpaka ukawa gundi, rangi, na kioo kilichosagwa. Hapa Kagongwa hakuna aliyewahi kuuona uzi wa namna hiyo. Baba alikuwa ametukataza, akisema hapa si mahali pake, barabara iko karibu na watu hawaujui. Binamu yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mwanza, akanicheka kwamba narusha tiara kama mtoto. Basi nikasaga chupa tatu kwa siri, kwenye kinu cha Ba cha ufuta, nikaupaka uzi wangu nyuma ya jineri na nikauacha ukauke kutoka nguzo hadi nguzo. Nilijifunga vitambaa vidoleni na bado nilijikata. Nilijua vizuri kabisa kile kitu kinaweza kufanya.

Siku yenyewe, mchana, nilimkata binamu yangu mara mbili. Mara ya tatu akanikata yeye. Tiara yangu ikaenda na upepo, ikavuka barabara ya Isaka na kunasa kwenye mwarobaini ng'ambo, na uzi wangu ukaanguka katikati ya barabara. Nikakimbia kuufuata. Hapa nisome polepole, maana hapa ndipo nilipoongopa maisha yangu yote.

Nilipofika kando ya barabara uzi ulikuwa umelala chini, umelegea. Mtu angeukanyaga akapita. Nilimwona Shija anakuja, anateremka kwa kasi, madumu ya maziwa yanagongana nyuma. Nilikuwa na muda wa kumpigia kelele. Lakini niliwaza uzi wangu, kwamba magurudumu yataukata na kazi ya siku mbili itapotea. Nikauvuta ili niuokoe. Ulipokaza ukainuka. Ulifika usawa wa shingo yake sawasawa na yeye alipofika.

Sitakusimulia damu. Nilivua shati, hilo ni kweli. Nilimfunga na nikamshikilia, hilo nalo ni kweli. Lakini kabla ya kuvua shati, mwanangu, kabla ya kumgusa, nilikusanya uzi. Niliukunja mkononi, niliukata kwa meno upande wa mwarobaini, nikausokomeza mfukoni. Shija amelala pale anakoroma kwa damu na mimi nakunja uzi. Mwezi mzima baadaye nilikuwa na mikato mdomoni na kiganjani, na watu walipoiona walisema nimeumia nikimwokoa.

Shija alipelekwa hospitali akapona, ila sauti ikabaki huko. Alipoweza kuandika aliandika kwamba hakuona kitu. Ndugu zake wakaenda kuangalia barabarani, hawakukuta kitu. Ndipo mtu akakumbuka kwamba juma lililotangulia ng'ombe wa Shija walivunja matuta ya viazi ya Milembe, naye alisimama njiani akamwambia, "Utaona." Neno hilohilo mama yako hukuambia wewe kila ukichelewa kurudi. Wakaenda kwa mganga kupiga ramli. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Walikuja asubuhi, watu wanaamkia mashambani. Kaka yake Shija, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyetangulia. Milembe alipewa muda wa kutoka na alichoweza kubeba. Alitoka na sufuria na kanga mbili. Nyumba ikawashwa. Nilikuwa nimesimama kwenye geti la jineri, na watu waliokuwa karibu nami walinipisha nione vizuri kwa heshima, maana mimi ndiye niliyemwokoa Shija. Milembe alipita hatua kumi kutoka niliposimama. Alinitazama. Nadhani alitaka tu mtu wa kumsalimu.

Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Ningependa sana kukuambia kwamba baba alinitisha, au kwamba niliogopa tutafukuzwa Wahindi wote Kagongwa. Hofu hiyo niliiokota baadaye, nikaitumia. Asubuhi ile niliogopa kitu kidogo zaidi: niliogopa wale watu waache kunipisha. Ba alikuta mng'aro wa kioo kwenye kinu chake. Alikibeba akaenda kukitupa kwenye shimo la majivu, akanunua kingine, na hakuniuliza. Mpaka anakufa hakuniuliza.

Jioni moja nyumbani kwa akina Shija walitukaribisha, wakamchinja mbuzi kwa ajili yangu. Nilimla.

Sasa twende kwako. Unakumbuka nilipokupiga kofi? Najua unakumbuka, maana hukuwahi kulitaja. Ulikuwa na miaka saba, tuko mnadani, bibi mmoja muuza mchicha akanyoosha mkono akushike shavu. Ukaruka nyuma yangu ukapiga kelele: "Usimguse, baba, ni mchawi, ana macho mekundu!" Watu walicheka. Yule bibi hakucheka, alianza kufunga mchicha wake. Nami nikakupiga kofi mpaka ukaanguka. Mimi, ambaye nilikukalisha kila mwaka kwenye mkeka wangu ukifundishwa maneno hayohayo huku nikikuongezea kichidi. Nilikupiga kwa kosa langu. Niwie radhi, Nisha. Nimechelewa miaka kumi na sita lakini kofi lile nalikumbuka kwenye kiganja hiki ninachoandikia.

Wiki ileile nilisema naenda Kahama kumtafutia baba mkanda wa mashine ya jineri. Nilikwenda Kharumwa. Nilikuwa nimesikia kwamba Milembe alikimbilia huko kwa mdogo wake. Nikaulizia, nikaelekezwa, nikamkuta amekaa chini ya upenu anapukuchua karanga.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

Hakunijua mara moja. Akanitazama mikono, sijui kwa nini mikono. "Wewe ni wa Mama Jayo," akasema, jina alilokuwa akimwitia Ba. "Ba yako mzima? Ufuta anapata wapi siku hizi?"

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwa Kisukuma, maana ndicho nilichokuwa nacho cha kumwambia yeye. Hakunikatiza. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipofika kwenye uzi, hapo mikono ikasimama.

"Uzi?"

"Uzi, mayu."

"Wa kushonea?"

"Wa tiara. Niliupaka chupa iliyosagwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa yowe, hata kwa watu kuja na fimbo. Akasema taratibu: "Mimi nilimwambia Shija utaona. Kwa hasira. Kisha nikasikia shingo yake imekatika. Njia nzima, nikikimbia, nilikuwa najiuliza, labda ni kweli. Labda ninacho na mwenyewe sikijui. Nimekaa hapa miaka yote hii sijamkemea mtoto hata mmoja. Wajukuu wa mdogo wangu wakinikosea naondoka, nakwenda kukaa shambani peke yangu mpaka hasira iishe, nisije nikasema neno mtu akafa."

Nisha, nyumba iliyoungua ningeweza labda kuizoea. Hilo sijalizoea. Nilimfanya mama wa watu ajiogope mwenyewe.

Nikapiga magoti nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono. "Mimi umeshaniambia, nimesikia. Sasa kawaambie wao. Siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Jina langu liko kule kwenu, sikuja nalo huku."

Nikamwahidi kabla ya Utarayani ijayo.

Mwaka ule baba akaanza kuugua. Nikasema siwezi kumwongezea aibu kitandani. Alipofariki nikasema Ba ni mjane, tumwache apumzike. Kisha tukanunua mashine hii, na wateja ni ndugu zake Shija. Kisha ulikuwa unafanya mtihani wa darasa la saba. Kila sababu ilikuwa nzuri, ndiyo maana nakuonya kuhusu sababu nzuri. Utakosea mbele ya wanafunzi wako, kila mwalimu hukosea. Sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Ukilala nalo siku moja, kesho yake utakuwa tayari na maelezo, na maelezo yakizidi utajikuta unayaamini.

Na toka safari ile, kila mwezi wa kwanza, siku chache kabla ya Utarayani, kondakta wa basi la Kharumwa alikuwa akiniletea kopo la maziwa ya unga limejaa ufuta. "Mama mmoja kasema nikupe." Hakuna barua, hakuna neno. Mweupe, hauna mchanga. Ulikuwa ukiuliza, "Bibi wa Ufuta ameleta?" na ukimchorea picha, na mwaka mmoja ulitaka tumpelekee ladu. Nilikuambia anakaa mbali sana. Bibi wa Ufuta na mchawi wa Mjomba Shija ni mtu mmoja, mwanangu. Umempenda na umemwogopa miaka yote bila kujua, na mimi nimekaa katikati nikila ladu zake.

Miaka minne iliyopita kopo halikuja. Nilimsubiri kondakta stendi siku tatu. Nilipomuuliza akasema tu, "Yule mama? Alishafariki. Tena mazishini watu hawakuwa wengi, unajua alivyokuwa anasemwa." Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako tununue ufuta sokoni. Ulilalamika kwamba una mchanga.

Sasa unaelewa kwa nini juzi nilitema. Shule unayokwenda ni ya palepale. Vitukuu wa mdogo wake watakuwa kwenye madawati yako, na jina lile limewafuata, maana majina ya namna hiyo hayahitaji nauli. Na wewe ulikuwa unakwenda kusimama mbele yao na chaki mkononi uwasimulie, kwa furaha, jinsi bibi yao alivyomkata mtu shingo kwa uchawi. Binti yangu mwenyewe. Ungelisimulia vizuri, maana unasimulia vizuri kila kitu.

Usiku wa juzi mama yako aliniuliza nilichotema ni nini. Nikamwambia yote. Miaka ishirini na tano ya ndoa, na yeye Msukuma wa Bukombe, ambaye shangazi yake mwenyewe aliwahi kunyooshewa kidole kuwa mchawi. Alikaa kitandani akashika rozari bila kusali. Mwishowe akasema: "Mwambie mtoto kabla hajaondoka. Nisije nikasikia kasikia kwa watu." Toka hapo hajaniita Baba Nisha. Ananiita "wewe." Chakula ananiwekea. Ndiyo maana mmeniona kimya, si huzuni ya kukuaga peke yake, ingawa hiyo nayo ipo, sijui nyumba hii itakuwaje bila kelele zako.

Sikuombi unitetee. Sikuombi hata unisamehe kwa haraka ili safari iwe nyepesi. Unaweza kunichukia huko uliko na mshahara wako wa kwanza ukala peke yako, ni haki yako. Ninachokuomba ni kwamba hadithi ile isitoke mdomoni mwako tena.

Jumamosi ni siku ya mnada. Asubuhi nitakwenda kwa Shija, nimkute kabla hajatoka na maziwa, nimwambie yeye kwanza, maana shingo ni yake. Sijui atanifanya nini. Amemchukia mtu asiye na kosa miaka ishirini na sita na amenipenda mimi kwa muda uleule. Sijui mtu akinyang'anywa vyote viwili asubuhi moja anabaki na nini. Kisha nitakwenda mnadani, nimemwomba mwenyekiti dakika tano baada ya matangazo. Amedhani nataka kutangaza bei ya kukoboa.

Nikishasema nitakupigia simu. Sitakuwa na maneno mengi, nitasema tu "nimesema," ndipo uende kwa akina mdogo wake Milembe, nyumba ya pili baada ya lambo, ujitambulishe jina lako lote na jina langu, na uwaambie baba yako anaomba kuja.

Lakini wewe unanijua sasa, kuliko jana. Kwa hiyo barua hii nimeiandika kwa majina na nimeweka saini yangu chini. Kama jua la Jumamosi litazama na simu yako haijalia, usinipigie kuniuliza kulikoni. Sababu nitakuwa nayo, tena nzuri. Ichukue barua hii, nenda kwao, uwasomee.

Baba yako,
Jayesh